Milimita 10 za ubongo wa mtoto tumboni

Altrasaundi ya kukagua viungo hufanywa wiki ya 18 hadi 22 ya ujauzito. Mtoto asiye na fuvu huonekana mapema, hata wiki ya 12, ila daraja linalounganisha pande mbili za ubongo huwa bado linajengwa. Anayekwambia wiki ya 13 kwamba "ubongo wote uko sawa" amewahi mno.

Namba inayotisha wengi ni upana wa chumba cha maji ndani ya ubongo. Kawaida ni chini ya milimita 10. Kuanzia 15 ni tatizo kubwa. Alama za kupimia ziwekwe ukingo wa ndani hadi wa ndani, zikikata chumba kwa pembe mraba. Zikikaa mshazari, 9 inageuka 11, na mama analia bure. Tena upande wa kichwa ulio karibu na kifaa hufunikwa na mwangwi wa fuvu. Mama alale ubavu, au atembee kidogo, ili mtoto ageuke, kisha apimwe upya.

Mgongo wazi, yaani uti wa mgongo usiofunga vizuri, ajabu yake, mara nyingi hushukiwa kwanza kichwani: paji limebonyea pande mbili kama limau, ubongo mdogo wa kisogoni umejikunja kama ndizi, na nafasi ya maji nyuma yake imetoweka. Limau peke yake isikukoseshe usingizi, hata watoto wazima huwa nayo. Ndizi ina uzito zaidi.

Picha ikibaki na utata, MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, baada ya wiki ya 22 husaidia, na haitumii mionzi ya eksirei.