Siku moja maishani mwangu: kurithi jina la marehemu

Saa 11 alfajiri niko kituoni Gongo la Mboto, nasubiri daladala yenye nafasi ya kusimama. Mimi ni fundi umeme wa kiwanda kimoja cha vinywaji kando ya Barabara ya Nyerere. Ndugu zangu wanajua natengeneza soda. Nimeacha kuwasahihisha.

Saa 1 asubuhi ni makabidhiano ya zamu. Daftari la usiku limeandikwa "Laini ya 2 iko sawa", bila neno jingine. Daftari fupi namna hiyo huwa linaninyima raha.

Saa 2 na dakika 10 redio inaita: "Fundi, mashine ya lebo imekufa!" Nafika, nakuta chupa zimebanana kwenye konveya na dada anayeendesha mashine amesimama mikono kiunoni. Nafungua kiboksi. Ile moduli inayokusanya ishara za sensa (vihisi vya mashine) na kuzipeleka kwenye PLC, kompyuta inayoendesha laini, haina hata taa moja inayowaka. Napima: volti 24 zinaingia vizuri. Basi imekufa yenyewe. Mpira wa mlango umechakaa, maji ya kuoshea mashine yamepenya, na kwenye vituo vya waya kuna ukoga wa kijani.

"Utachukua muda gani, kaka?"

"Dakika kumi tu, dada."

Sikuwa najigamba. Mtandao unaounganisha mashine zetu ni wa aina ya PROFINET, na humo PLC inakitambua kila kifaa kwa jina. Kifaa kipya kinatoka kwenye boksi bila jina. Zamani ilibidi fundi aje na laptopu, atafute faili la mradi (lipi kati ya matano yenye neno "mwisho"?), akipe jina, ndipo laini iamke. Siku hizi tumeichorea PLC ramani yote: nani amechomekwa poti gani (tundu la kebo), kwa jirani gani. Vifaa hutangaza majina na poti zao kwa majirani kupitia LLDP, lugha ya vifaa kujitambulishana. PLC ikiona mgeni asiye na jina kwenye nafasi ya marehemu, inampa jina lilelile, anwani ya IP ileile, kisha inamshushia mipangilio yake. Kama mjukuu anavyopewa jina la babu, ila huku ni sekunde chache na hakuna ubani.

Stoo. "Shikamoo mzee." "Marahaba, leo umeua nini?" Namwonyesha namba ya kifaa, ananipa boksi. Limeshafunguliwa. Hapo nilipaswa kushtuka, sikushtuka.

Saa 2 na nusu nimefunga, nimewasha, na taa nyekundu inanikodolea macho. Nikakumbuka: moduli hii tuliitumia kufundishia vijana wa mafunzo kwa vitendo, na jina la mafunzo bado limo. PLC haimvui mtu jina lake. Kuna mpangilio wa kuiruhusu ifute majina, lakini tuliuacha umezimwa makusudi, maana kifaa kilichochomekwa pabaya kinaweza kupewa kazi isiyo yake. Nachukua laptopu, nafuta kila kitu kwenye moduli, ibaki kama ilivyotoka kwa watengenezaji, nasubiri.

Nyekundu bado.

Dakika kumi zangu zimeshapita mara mbili. Dada hasemi kitu, anaangalia saa ya ukutani. Nafungua ukurasa wa hitilafu wa PLC na kukuta onyo la njano, la wiki tatu nyuma: jirani wa kifaa hiki hayuko kwenye poti iliyochorwa. Mashine ilikuwa inafanya kazi, kwa hiyo hakuna aliyelisoma, nami nikiwemo. Nakwenda kwenye swichi ya mtandao, kisanduku kinachokutanisha kebo za vifaa: ramani inasema poti ya 2, kebo iko poti ya 3.

Nampigia fundi wa usiku, namkatisha usingizi. "Ile ya 2 inalegea, ndugu yangu," anasema. "Laini ilikuwa inakatika-katika, nikahamisha." Alifanya vyema, ila hakuandika. Narudisha kebo poti ya 2, naikaza isicheze kwa tai ya plastiki. Taa inageuka kijani kabla sijainuka. Saa 3 kasoro dakika 5 chupa zinatembea.

Saa 6 mchana, wali maharage kwa mama ntilie. Hakuna la kusimulia.

Saa 8 wanabadilisha ladha, laini imesimama kwa muda, nami naitoa ile swichi yenye poti mbovu. Kazi hii ni tamu. Mipangilio yote ya swichi imo kwenye kichomeo kidogo cha kumbukumbu mgongoni mwake. Nazima umeme kwanza, kwa sababu kichomeo hakichomolewi swichi ikiwa hai. Nakihamishia kwenye swichi mpya ya aina ileile, narudisha kebo moja moja kwa namba, nawasha. Mtandao wetu ni pete, hivyo laini ya 1 haikujua lolote. Njia ikikatika upande huu, data inazungukia upande wa pili ndani ya milisekunde 200. Nafungua tena ukurasa wa hitilafu. Hakuna njano.

Saa 10 narudi stoo na kalamu nzito. Tunazipitia moduli za akiba na mzee, moja baada ya nyingine. Mbili zaidi zina majina ya mafunzo. Nazifuta, nazifunga kwa utepe, juu naandika HAINA JINA. Mzee anasoma, anacheka: "Sasa kama haina jina nitaitafutaje?"

Saa 12 jioni fundi wa usiku anaingia, macho bado mazito. Nampa daftari. Leo nimejaza ukurasa mzima.