Nilivyopima umri wa kiinitete bila kutegemea saa

Kabla ya kuingia kwenye utafiti nilikuwa mwalimu wa bayolojia sekondari, na kiinitete nilikijua kwa michoro ya ubaoni. Nilipoanza shahada ya uzamili nilichagua kuchunguza siku za mwanzo za kifaranga ndani ya yai. Mayai ya kisasa ya dukani hayafai, maana kuku wake hufugwa bila jogoo. Nikawa nachukua ya kienyeji kwa mfugaji wa jirani na kuyaweka kwenye mashine ya kutotolesha, nyuzi 38 za Selsiasi.

Shida ilikuwa umeme. Vitabu huhesabu umri kwa saa, lakini umeme ukikatika mashine hupoa, na kiinitete kilichopoa hukua polepole. Saa 36 za kwenye daftari langu hazikuwa saa 36 za kiinitete. Ndipo nikashika jedwali la wanabayolojia Hamburger na Hamilton la mwaka 1951, linalogawa ukuaji wa kifaranga katika hatua 46 kwa kuangalia umbo lenyewe.

Siku ya pili hatua hizo huhesabiwa kwa somaiti, vipande vidogo vinavyojipanga jozi jozi kandokando ya mrija wa neva (chanzo cha ubongo na uti wa mgongo), ambavyo baadaye huwa pingili za mgongo, mbavu na misuli. Jozi moja huongezeka kila dakika 90 hivi. Jozi 10 ni hatua ya 10, jozi 13 ni ya 11.

Kuziona kunataka mkono uliotulia. Nalaza yai kwa ubavu, natoboa upande butu na kuvuta mililita 2 au 3 za ute kwa sindano. Kiini cha yai hushuka na kuachana na ganda, ndipo nakata dirisha juu. Kiinitete ni angavu mno, hivyo napenyeza chini yake wino mweusi wa kaboni uliochanganywa na maji ya chumvi, na hapo kinajitokeza chote: kichwa, somaiti, na moyo unaopiga hata kabla damu haijaanza kuzunguka. Mpaka leo moyo ule hunifanya niweke kalamu chini. Nikishahesabu naziba dirisha kwa selotepu na kurudisha yai kwenye joto.

Aliyenipa hamasa ni Mfaransa Nicole Le Douarin, ambaye naye alifundisha sekondari kabla ya utafiti. Alipandikiza seli za kware katika viinitete vya kuku na kufuatilia zinakohamia, kwa kuwa kwenye hadubini seli za ndege hao wawili hutofautika. Mayai ya kware kwetu yanapatikana, na mwaka huu nimeanza kuyafungua kwa njia ileile.