Bunduki Yangu Ilipovishwa Kizuia Sauti

Muuzaji hakuniuliza hata jina. Bunduki yenyewe ilikuwa imenichukua miezi: kozi ya uwindaji, mtihani, barua za kwenda na kurudi polisi, kabati la chuma la kuihifadhia nyumbani, mwisho kibali. Lakini kizuia sauti, kidude ambacho kwetu ukikutwa nacho utalala mahabusu ukijieleza, nilikikuta mezani kimepangwa pamoja na soksi za sufu na tochi. Norwei haidai kibali cha sailensa. Unalipa, unapewa risiti, unakwenda zako.

Ilikuwa Agosti 2017 pale Elverum, mji wa misitu mashariki mwa nchi, ambako kila Agosti kuna maonyesho makubwa ya uwindaji na uvuvi kwenye viwanja vya makumbusho ya misitu. Mimi mwenyewe misitu ndiyo iliyonifikisha Norwei. Nilisoma Sokoine, Morogoro, nikaenda Ås kuongeza elimu, nikaoa hukohuko. Baba mkwe akaniambia mapema kabisa kwamba mkwe asiyewinda atakula nyama ya kununua maisha yake yote, na hakuwa anatania.

Jioni ile nilimpigia kaka yangu Mahenge kumweleza nilichonunua. Akanyamaza kidogo.

"Mdogo wangu, huko umeajiriwa na nani?"

Sikumlaumu. Nyumbani tumekua tukiona gobore za wazee, na gobore ikilia kijiji kizima kinajua nani yuko porini. Bunduki isiyolia ni ya jambazi, au ya jangili anayewakwepa askari wa wanyamapori. Nikamweleza kwamba huku ni kinyume: anayepiga bila hicho kidude ndiye anayeonekana hana adabu, maana uwanja wa shabaha una majirani, na majirani wana watoto wanaolala mchana.

"Sawa," akasema. "Ila mama usimwambie."

Lakini sikukinunua kwa ajili ya majirani. Nilikinunua kwa sababu ya meza ya chakula ya baba mkwe. Mezani pale kila mtu alijua pa kukaa: wanaotaka kuzungumza na mzee, upande wa kulia. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa zamani. Ndivyo inavyowatokea wengi wanaopigia bega la kulia, kwani sikio la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa mtutu. Lililobaki lilikuwa na mluzi usiokoma, usiku na mchana. Ujana wake, aliniambia, mtu akiziba masikio msituni alichekwa.

Bunduki kama yangu, Tikka ya risasi za .308, ikipigwa tupu, yaani bila kizuia sauti, hutoa mshindo wa desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) kati ya 160 na 170. Kuanzia 140, mlio mmoja tu unaweza kukuharibia sikio usipone. Kizuia sauti kizuri hupunguza desibeli 25 hivi, pengine 30. Piga hesabu, utaona kwamba hakuna ukimya hapo; kuna mlio mkubwa uliosogezwa karibu na mpaka wa usalama, na uwanja wa shabaha bado nafunika masikio. Tena kipo kitu ambacho hakuna kidude kitakachokiondoa: risasi inatoka ikienda zaidi ya mita 800 kwa sekunde na sauti inakwenda 340 tu, kwa hiyo risasi inapasua hewa njia nzima kwa mlio kama wa mjeledi. Wale wa kwenye filamu wanaofyatua "pyu" na mlinzi wa chumba cha pili haamki, sijui wanatumia risasi za unga wa muhogo.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye mikono iliyojaa mafuta ya bunduki. Aliniuliza mtutu wangu una uzi gani, ile michirizi ya parafujo mdomoni ambayo kidude hufungwa juu yake. Nikasema M14, yaani upana wa milimita 14, hatua ya milimita moja. Akaondoa nusu ya vitu mezani, kwani vilikuwa vya M15, na kukilazimisha kisichoingia ni kuharibu vyote viwili. Akauliza urefu wa mtutu, kisha nawinda namna gani, kwa kukaa nikingoja au kwa kutembea na mbwa. Hapo nikaelewa kwamba kuchagua hakuanzii kwenye desibeli zilizoandikwa kwenye boksi. Kuna vinavyokaa vyote mbele ya mdomo, na bunduki inakuwa ndefu kiasi cha kunasa kila tawi. Kuna vinavyorudi nyuma na kuufunika mtutu, mbele vinaongeza sentimita chache tu. Kuna cha chuma, kizito, ambacho hakijali ukipiga risasi mfululizo. Kuna cha titani, na bei yake niliisoma nikakirudisha taratibu. Kuna cha alumini, chepesi, chini ya gramu 400, ambacho hakipendi kupashwa moto sana. Mwindaji wa elgi, yule mnyama mkubwa mwenye pembe wa misitu ya kaskazini, anapiga risasi moja, mbili kwa siku, na siku nyingi hapigi kabisa. Nikachukua cha alumini cha kurudi nyuma.

Baba mkwe alikinyanyua kwa vidole viwili. "Kopo la bia," akasema, kwa ile sauti yake ya juu ya watu wasiojisikia.

Muuzaji akacheka, akatupa historia ambayo nadhani anampa kila mteja. Kwamba aliyekifanya kitu hiki kiuzike ni Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza yake 1909. Na kwamba baba yake ni yuleyule Maxim wa bunduki ya rashasha, ambaye alizeeka akiwa kiziwi kwa milio ya mashine zake mwenyewe. Wenzangu waliliona jambo la kuchekesha, mwana kutengeneza dawa ya ugonjwa wa baba. Mimi akili yangu ilikwenda kwingine. Wapogoro na Wambunga walipoivamia boma ya Mahenge Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, rashasha za Wajerumani ndizo zilizowafyeka pale mteremkoni. Ukoo mmoja wa wavumbuzi, na mimi nimesimama Elverum nimeshika kazi ya mtoto. Nililipa.

Ili kuwinda elgi ni lazima kila mwaka upite jaribio la shabaha: risasi 30 za mazoezi, kisha tano kwenye picha ya paa wa kaskazini iliyo mita 100, zote ndani ya duara la sentimita 30. Hapo ndipo nilipoona kidude kinavyobadilisha bunduki. Teke la begani lilipungua nusu, au ndivyo bega lilivyoniambia. Lakini risasi zilishuka chini ya pale zilipokuwa zikitua, kwa kuwa uzito mpya kwenye ncha ya mtutu unabadilisha mtikisiko wake, ikabidi nirekebishe darubini upya. Na nilipopiga chache kwa haraka, kopo likapata moto na mvuke ukaanza kucheza mbele ya darubini, picha ikawa inaogelea. Ukisubiri kipoe, inatulia. Nilisubiri, nikapita.

Sasa Oktoba. Asubuhi ya barafu nyembamba, nimekaa kwenye posti yangu ukingoni mwa kinamasi, mbele yangu mibetula michache iliyopukutika na nyuma yake msitu mweusi wa misprusi. Redio sikio moja, jingine wazi. Baba mkwe alikuwa upande wa pili na mbwa wake jike, wale wa kijivu wa Kinorwei wenye mkia uliojikunja mgongoni. Kazi yake ni kumtafuta elgi, kumsimamisha, kisha kubweka palepale mpaka mwindaji afike. Alikuwa akibweka kwa mbali, halafu akanyamaza, na redio ikasema: jike na ndama, wanakuja kwako. Mgao wetu wa majike ulikuwa umekwisha. Ndama, ruhusa.

Walitoka kwenye miti bila haraka, jike mbele. Elgi jike ni mrefu kuliko farasi wa kawaida, na mtu asiyewahi kumwona hutegemea kishindo; hakuna. Miguu ile mirefu inapita kwenye matope kimya kabisa. Ndama alisimama ubavu wazi, kama mita sabini. Nikafyatua.

Nilisikia vitu viwili ambavyo bunduki tupu isingenisikilizisha: mjeledi wa risasi ukirudi kutoka kilima cha ng'ambo, na kabla yake kidogo, kishindo kizito cha risasi kuingia mbavuni. Mwindaji anayesikia kile kishindo anajua amepiga, hahitaji kubahatisha. Ndama alikwenda hatua chache akaanguka.

Jike hakukimbia. Aligeuza masikio kuelekea kilimani, kule mlio ulikotokea kwake, akakitazama. Kisha akarudi kwa ndama wake akasimama. Bunduki tupu ingemwambia nilipo, naye angeondoka kwa sekunde moja na pengine angenichukia. Hii ilimnyima hata hilo. Wauzaji husema mnyama "hashtuki," wanalitaja kama faida, na kwa mwenye kibali cha wanyama wawili ni faida kweli. Mimi nilikuwa na kibali cha mmoja. Nilikaa pale na bunduki iliyofungwa usalama nikimtazama akimnusa mtoto wake, nikavumilia, nikashindwa, nikasimama na kupiga makofi kama mtu anayefukuza nyani shambani. Ndipo akaniona. Akaondoka kwa mwendo wa kutembea tu.

Redio: "Umepiga au hujapiga?"

"Nimepiga, baba. Ndama yuko chini."

"Sijasikia kitu."

Mwenzetu mmoja akaingilia kwamba hata yeye, mwenye masikio mazima, alidhani ni tawi limekatika. Walipofika, mbwa alikwenda moja kwa moja kwa ndama, mkia juu. Baba mkwe alimtazama yule mbwa kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama ndama. Baadaye mke wangu alinieleza kwamba tangu msimu uliopita mbwa alikuwa ameanza kurudi nyuma kila mzee akiinua bunduki. Mbwa anayesimama karibu na elgi anakuwa mbele ya mtutu, na yeye hakuna anayemziba masikio.

Usiku, kibandani, nilikifungua kidude. Maji meusi yakadondoka kwenye gazeti, jasho la baruti, yananuka vikali. Nikakiweka wima juu ya rafu karibu na jiko kikauke, nikapitisha kitambaa cha mafuta kwenye mdomo wa mtutu. Ukikiacha usiku mzima juu ya bunduki, asubuhi uzi umeanza kutu.

Majira ya baridi baba mkwe alibeba bunduki yake akaenda kwa fundi. Bunduki ile ni Mauser, mojawapo ya zile Wajerumani walizoziacha mwaka 1945 na jeshi la Norwei likazibadilisha zipige risasi za .30-06. Ilikuwa haina uzi. Miaka yote alisema hakuna atakayeikata. Fundi alimweleza kwamba uzi lazima ulingane na tundu la mtutu, si umbo la nje, kwa kuwa ukipinda nywele tu risasi itagonga kuta za ndani za kidude na kukitoboa. Mzee akasikiliza kwa sikio la kulia, akauliza bei mara mbili, akaiacha.

"Ni kwa ajili ya mbwa," alituambia mezani. "Mimi yangu yameshakwenda."

Alichagua cha chuma. Alumini, alisema, ni ya bia. Nilimwonya kwamba chuma kitamlemea mlimani. Akanijibu kwamba uzito ni wa mbebaji, na kuanzia msimu ujao mbebaji ni mkwe.