Taa Sita za Igizo Letu la Moshi

Mwaka jana kikundi chetu cha maigizo hapa Moshi kilinikabidhi kazi ya mwanga kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia. Igizo lilihusu mjane anayegombea na shemeji zake kihamba cha marehemu mumewe, yaani shamba la urithi la Wachagga lenye nyumba na migomba, na ukumbi tulioukodi ulikuwa na taa za tyubu darini zilizomulika mabenchi ya watazamaji sawasawa na jukwaa.

Tulinunua taa sita za halojeni za wati 500, nami nikazipanga zote mbele. Mwanga ulikuwa mwingi, lakini nyuso zilikuwa bapa kama picha za pasipoti, na nywele nyeusi zilimezwa na pazia jeusi tulilolishona kwa vitambaa vya mitumba kutoka soko la Memorial, kiasi kwamba mjane wetu alionekana uso mtupu unaoelea. Nikazipanga upya: mbili zikabaki mbele, kulia na kushoto, zikimmulika mwigizaji kutoka juu kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, mbili zikaenda ubavuni, mbili zikapanda nyuma, zikielekezwa mabegani. Hizo za nyuma ndizo zilizookoa kazi, kwa kuwa ule mstari mwembamba wa mwanga juu ya nywele na mabega ulimtenga mtu na pazia. Hata leo, ningepewa taa tatu tu, moja ingekwenda nyuma.

Umeme nao ulitaka hesabu. Wati 3,000 kwa volti 230 ni ampea 13, yaani mwisho kabisa wa uwezo wa plagi ya kawaida. Fundi alishika ekstensheni yetu iliyokuwa bado imeviringishwa, akaurudisha mkono haraka. "Mwalimu, huu waya unapika," alisema. Alituamuru tuukunjue wote, kwa sababu waya uliojiviringisha haupoi, kisha akagawa taa katika soketi mbili zenye breka tofauti.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa jioni ya kihambani. Nilitaka vivuli vya migomba ukutani, nikaning'iniza majani makavu mbele ya taa. Kabla ya dakika tano kupita tulianza kusikia harufu ya moshi. Nikakata umbo la majani kwenye bati la kopo la rangi. Lilipokuwa karibu na taa, kivuli kilikuwa ukungu tu. Nilipolisogeza mbali kwa hatua mbili, kila mpasuko wa jani ulionekana. Rangi ya machweo haikuhitaji plastiki yoyote ya rangi mbele ya taa, ambayo ingeyeyuka kwa joto lile, kwani taa ya halojeni inapopunguzwa huwa ya rangi ya chungwa yenyewe. Tuliazima dima kubwa, kifaa cha kupunguza mwanga wa taa, kwa wapiga muziki, nami nikaishusha polepole kwa muda wa dakika mbili, huku nikilaani moyoni mazoezi ya mchana ambayo, kwa madirisha yale, hayakunionyesha chochote.

Usiku wa onyesho nilikuwa nimechuchumaa kando ya jukwaa, kidole kwenye dima, vivuli vya migomba vikififia, nikamsikia bibi mmoja wa benchi la mbele akimnong'oneza mwenzake: "Giza linaingia, na ng'ombe hajakatiwa majani."