Siku moja na mchemraba mkononi

Saa kumi na mbili asubuhi nipo mezani nahesabu mirija. Darasa langu la kwanza leo litaunda michemraba kwa mirija na vidonge vya udongo. Makundi ni 8, kila kundi mirija 12 na vidonge 8, jumla mirija 96 na vidonge 64. Wanafunzi sitawaambia idadi hizo. Kila kundi litachota lenyewe kapuni, likipungukiwa lirudi, likizidisha lirudishe. Hapo ndipo namba 12 inapowaingia, kwa sababu wameitafuta wenyewe.

Saa moja na nusu naandika ubaoni maneno matatu: uso, ukingo, kipeo. Uso ni ule ubapa unaoweza kuupapasa kwa kiganja. Ukingo ni pale nyuso mbili zinapokutana. Kipeo ni ncha ambapo kingo hukutana. Watoto wengi husema "kona", nami siwakatazi, lakini neno "pembe" nalishikilia lisichanganywe na kipeo. Mchemraba una vipeo 8, ila ukizihesabu pembe za nyuso zake utapata 24, maana kila uso una pembe nne na nyuso ni sita. Anayetaja pembe akimaanisha kipeo atakuja kupotea mbele ya safari.

Saa mbili kamili, kazi inaanza. Mwanafunzi mmoja ananiita, "Mwalimu, kingo ni 14." Namwambia ahesabu tena. Anapata 11. Namtazama mikono: anaugeuza mchemraba kila anapohesabu, na hana alama ya pale alipoanzia. Kosa haliko kwenye hesabu, liko kwenye mpangilio. Namshauri auweke mezani, asiuguse. Chini kingo nne, juu nne, zilizosimama nne. Anatabasamu.

Jirani yake hakuuweka mezani. Ameushika kwa ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, kwenye vipeo viwili vinavyokabiliana kabisa, ukasimama kwa ncha. Anahesabu kwa sauti ndogo: juu zinashuka kingo tatu, katikati zinakwenda juu na chini kama meno ya msumeno, sita, kisha tatu za chini. Tatu, sita, tatu. Vipeo navyo: kimoja, vitatu, vitatu, kimoja. Nimefundisha somo hili miaka mingi na mwanafunzi hajawahi kunionyesha njia hiyo bila kuelekezwa. Nikamwomba asimame aonyeshe darasa zima, na kwa dakika kadhaa kila mkono ulikuwa umeinua mchemraba uliosimama kwa ncha.

Piramidi na mche pembetatu tunavipitia upesi, kwa njia ninayoipenda kuliko zote: hesabu pande za kila uso, jumlisha, gawa kwa 2. Mche pembetatu una pembetatu mbili, pande 6, na mistatili mitatu, pande 12. Jumla 18, nusu yake 9. Kwa nini kugawa kwa 2? Kwa sababu kila ukingo umehesabiwa na nyuso mbili zinazoushiriki.

Saa nne, mapumziko. Mwalimu mwenzangu anashikilia kuwa mcheduara, umbo kama la kopo, una nyuso tatu, mwingine anasema mbili tu, kwa kuwa uso lazima uwe bapa. Wote wawili wana hoja, ila mtoto anayejibu mtihani anastahili kuambiwa mapema fasili ipi inatumika. Mimi huwaambia wangu: nyuso bapa mbili, uso mmoja uliojipinda, kingo mbili za duara, vipeo hakuna. Sentensi nzima, haina utata.

Saa sita mchana, darasa kubwa zaidi. Wao wanajaza jedwali. Mchemraba: vipeo 8, kingo 12, nyuso 6. Piramidi ya kitako cha mraba: 5, 8, 5. Mche pembetatu: 6, 9, 5. Nawaomba watoe kingo kwenye vipeo, kisha wajumlishe nyuso. Wanapata 2, tena 2, tena 2. Mwanahisabati Leonhard Euler, aliyezaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707, alimwandikia mwanahisabati mwenzake Christian Goldbach kuhusu uhusiano huu mwaka 1750.

Naleta mchemraba wa udongo na uzi. Nakaza uzi, nakata kipeo kimoja. Kipeo kimeondoka, vimezaliwa vitatu. Uso mpya mmoja, wa pembetatu. Kingo mpya tatu. Basi vipeo 10, kingo 15, nyuso 7. Kumi toa kumi na tano, jumlisha saba: bado 2! Vipeo vimeongezeka viwili na uso mmoja, kingo zimeongezeka tatu, kwa hiyo nyongeza zinafutana. Kanuni hii inahusu maumbo yenye nyuso bapa yasiyotobolewa tundu. Tukirudi kwenye mcheduara, 0 toa 2 jumlisha 3 ni 1. Lakini chora mstari mmoja kutoka duara la juu hadi la chini, uuite ukingo, na ncha zake mbili uziite vipeo: 2 toa 3 jumlisha 3. Ni 2.

Saa tisa, madaftari. Mmoja ameandika kuwa mchemraba una nyuso 3, kingo 9, vipeo 7. Nilitaka kuweka alama nyekundu ya kosa, nikasita. Hizo ndizo namba hasa za kile kinachoonekana kwenye mchoro. Zilizofichika ni nyuso 3, kingo 3 na kipeo 1. Mtoto huyu amehesabu kwa uaminifu, tatizo ni karatasi. Nimemchorea mistari ya vitone kwa upande wa nyuma, na kesho nitampa mchemraba aushike.

Saa mbili usiku nakata kadibodi ya wavu wa mchemraba, yaani miraba iliyoshikana ambayo ikikunjwa huwa mchemraba. Miraba sita ina pande 24. Mikunjo ya ndani ni 5, imekula pande 10, zimebaki 14 pembezoni, nazo zikiunganishwa mbili mbili zinatoa viungo 7. Tano na saba, 12.

Kabla ya kulala nautoa mpira wa miguu wa vipande vyeusi na vyeupe. Vyeusi 12 vyenye pande tano, vyeupe 20 vyenye pande sita: pande 60 na 120, jumla 180. Nusu ni 90, ndiyo mishono. Kila ncha inakutanisha vipande vitatu, kwa hiyo 180 kwa 3, vipeo 60. Sitini toa tisini, jumlisha thelathini na mbili. Natia nukta ya chaki kwenye kipande kimoja cheusi, pa kuanzia kuhesabu kesho, na kuuweka mpira kwenye mkoba.