Wikiendi ya kukaa tu, Rau Moshi

Sisi watu wa Arusha, Moshi tunaijua kwa kupita. Tunapita kwenda Dar, tunapita kwenda msibani, unashuka stendi unakunywa soda unapanda gari nyingine basi. Na wageni wa nje nao ndo hivyo hivyo, wanalala usiku mmoja hotelini mjini, asubuhi wanabebwa na gari mpaka geti la Marangu au Machame, wakishuka mlimani magoti hayakunji wanakimbilia Zanzibar. Mi siku hizi naenda Moshi kukaa. Nachukua apatimenti ndogo mtaani Ijumaa jioni mpaka Jumapili, ratiba sina.

Safari yenyewe ni kama kilomita 80 tu ila ukipanda kosta jiandae, Tengeru inasimama, Usa inasimama, Maji ya Chai, Kikatiti, KIA, Boma Ng'ombe ndo kabisa konda anashuka anaanza kuita abiria kama vile gari ndo kwanza linatoka stendi. Sina haraka kwa hiyo sigombani naye. Ukishuka Moshi unavua sweta hapo hapo, maana Arusha tuko juu kama mita 1,400 na wao wako chini ya 1,000, joto lao siyo la utani.

Mtaa ninaoupenda ni Rau. Uko karibu na mji lakini ukiingia ndani unakuta migomba, mifereji, kuku wa watu, na ule msitu wa Rau wenye mivule mikubwa na mbega. Shanty Town pazuri pia, miti mingi na barabara tulivu, ila kule kila nyumba ina geti na mbwa, utakaa mpaka uondoke hujasalimiana na mtu. Rau ukishashuka kwenye boda tu unaulizwa umetokea wapi. Nyumba ninayofikia ni ya uani, nyuma ya nyumba kubwa ya mama mmoja mstaafu, na siku ya kwanza hata begi sijashusha:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, pole na safari. Umekula?"

Hotelini wanakuuliza kitambulisho kwanza.

Picha za mtandaoni nyumba zote ni nzuri, kwa hiyo kabla hujatuma hela uliza vitu vya ukweli. Maji yakikatika kuna tenki? LUKU, yani umeme wa kulipia kabla, nani ananunua na mita iko wapi, maana kuna nyumba mita iko ndani kwa mwenye nyumba na umeme ukiisha saa tano usiku ndo unaanza kugonga mlango wa mtu aliyelala. Mtungi una gesi? Kuna neti na feni? Na muhimu kuliko yote uliza jirani kuna nini, baa au kanisa la mkesha, yani hapo usione aibu kabisa uliza, spika za Ijumaa usiku hazichagui mgeni.

Sasa mlima. Watu wanakuja Moshi saa tano asubuhi wanaangalia juu wanaona wingu, wanasema mlima hauonekani, wanaondoka. Kilimanjaro mchana unajifunika, jua likishapasha ule msitu wa chini mvuke unapanda unageuka wingu, imeisha hiyo. Alfajiri kuanzia saa kumi na mbili ndo unaukuta wote, Kibo na theluji yake pale juu kwenye mita 5,895, Mawenzi kulia amechongoka kivyake, halafu jioni kabla jua halijazama unaweza ukafunguka tena kidogo. Sasa mtu wa kupita atauona saa ngapi? Mi nauangalia mlangoni na kandambili, kikombe mkononi, na siku ukigoma kuonekana hamna nilichopoteza, kesho nipo.

Jumamosi naenda soko la Mbuyuni na hapa ndo faida ya kuwa na jiko. Ndizi zenyewe ziko aina nyingi mpaka unachanganyikiwa, mwambie muuzaji unataka kupika nini atakuchagulia, mimi ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, huwa napewa mshare. Mama mwenye nyumba ndo alinifundisha, jipake mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kumenya maana utomvu wa ndizi ukikushika unaondoka nao mpaka kazini Jumatatu, na kila unayomenya itupie kwenye maji isiwe nyeusi. Nyama ya mifupa ichemke kwanza mpaka ilainike, ndo ndizi zinaingia na kitunguu, zikiiva unatoa nyama pembeni unaponda kwa mwiko mpaka inakuwa laini, nyama inarudi. Pilipili pembeni. Ukishakula usipange kitu chochote, utalala.

Mjini huwa napita kidogo tu, kahawa na kuzunguka. Moshi imekulia kwenye kahawa, chama cha ushirika cha KNCU kipo tangu 1933 na jengo lake liko katikati ya mji mpaka leo, ila cha kuchekesha nyumba nyingi unazokaribishwa unapewa chai ya maziwa.

Jumapili kama uko karibu na usharika wa Kilutheri usiondoke mapema, hata kama hukuingia ibadani. Wakitoka kuna mnada nje. Wasiokuwa na hela wametoa sadaka ya mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo, maparachichi, na mzee wa kanisa mwenye sauti anaanza kunadi, bei inapanda kwa mbwembwe, mtu ananunua parachichi kwa bei ya kuku halafu analirudisha linadiwe tena. Utacheka mbavu ziume. Mi niliwahi kuondoka na jogoo mzima na nalala apatimenti, mama ndo akamchukua.

Kitu cha mwisho, Desemba usijaribu. Wachaga wote wanarudi nyumbani, nauli inapanda, na ile nyumba ya uani ina watoto wa mama na wajukuu zake mpaka sebuleni. Nenda Juni au Julai kuna kaubaridi kazuri, na weka nafasi kwa simu, ongea na mwenye nyumba mwenyewe umsikie.