Kinanda cha zamani si lazima kiwe analogi, na bei ya mtandaoni si bei ya Kampala

Siku hizi mtu akiwa na kinanda chenye vumbi stoo anajiona ana mali. Ananitumia picha WhatsApp, moja tu, tena ya mbali, kinanda kimelazwa juu ya kitanda, na chini ameandika "analogi orijino, milioni sita, mwisho tano na nusu". Nikiuliza hiyo bei imetoka wapi ni yaleyale, kaangalia mtandaoni kamwona mtu wa Ulaya anauza kwa dola kadhaa, kazidisha kwa shilingi, kamaliza. Mimi nanunua na kuuza hivi vyombo hapa Kampala, si biashara ya kunijengea nyumba lakini naipenda, na nimechoka kueleza mtu mmoja mmoja kwa simu, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Kuna mzee mmoja Mkongomani pale Nsambya, alipiga kwenye mabendi zamani, akaniita niende nione sintesaiza yake, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti chenyewe. Nafika, ni Yamaha DX7, safi kweli, ameifunika kitenge.

"Hii ni analogi kijana, ya mwaka 83, haijawahi kufunguliwa."

"Mzee, ni nzuri sana, ila si analogi."

"Unasema nini wewe, ya 83!"

Nikamwomba asome tu pale mbele juu ya vitufe, kampuni yenyewe imeandika DIGITAL, haikuficha. Akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanipa maneno ambayo nayarudia kila siku: "Mwanangu, sisi wakati ule tuliilipia zaidi kwa sababu ni dijitali."

Na ni kweli kabisa. Ile FM, si ya redio, ni njia ya kuunda sauti kwa wimbi moja kutikisa jingine, aliyoigundua John Chowning kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Yamaha wakainunua leseni, ilipotoka kwenye DX7 watu wakatupa analogi zao kama takataka, zikauzwa kwa bei ya bure, na leo mambo yamegeuka, zile zilizotupwa ndizo zinatafutwa. DX7 ziliuzwa zaidi ya 150,000, sasa chombo kilichouzwa namna hiyo hakiwezi kuwa na bei ya kitu adimu hata ukikifunika kitenge cha hariri. Tulikubaliana bei ya DX7, si bei ya analogi, na mzee hakununa.

Sasa analogi yenyewe ni ipi? Kwa kifupi sauti inatoka kwenye umeme wenyewe, osileta inatoa wimbi, filta inalikata, amplifaya inalipandisha na kulishusha, hakuna hesabu za kompyuta katikati. Minimoog Model D, ile iliyotengenezwa 1970 mpaka 1981, ina osileta tatu na inapiga noti moja tu kwa wakati, na joto la chumba likibadilika tuning inahama, ndio maana wapigaji wa enzi hizo walikuwa wanaiwasha mapema kabla ya shoo. Roland Juno-106 ya 1984 hapo katikati wakaweka osileta inayoongozwa kidijitali ili tuning isihame, lakini filta na amplifaya zake ni analogi. Watu hubishana hapo kama mpira, mimi sibishani, nasikiliza tu.

Hiyo 106 ndiyo inayonisumbua zaidi manake ndiyo inayoulizwa zaidi. Ina sauti sita, yaani inapiga noti sita kwa wakati mmoja, na kila sauti ina chipu yake, 80017A, imefunikwa na plastiki fulani nyeusi ngumu ambayo ikizeeka inaharibu chipu yenyewe. Ndipo unasikia noti inakwaruza, au inanyamaza, au inaendelea kuvuma hata umeachia. Muuzaji mjanja atakupigia noti chache tamu kwa pamoja halafu azime haraka, sasa wewe usikubali, zima, shika kitufe cha KEY TRANSPOSE, washa ukiwa bado umekishika, chombo kinaingia kwenye hali ya majaribio na kila ukibonyeza noti kinakuonyesha namba ya sauti inayolia. Pita zote sita taratibu. Kama ya nne inakoroma basi umeshajua unanunua kazi, na bei ishuke hapohapo mbele ya chombo, si kesho kwa simu.

Chipu ikifa si lazima uitupe. Fundi wangu, mzee wa redio wa pale mjini ambaye hapendi kutajwa, anazing'oa na kuziloweka kwenye asetoni, ndiyo ile ya kufutia rangi ya kucha, siku kadhaa mpaka plastiki inabanduka yenyewe. Nyingine zinafufuka, nyingine hapana, na za hapana unaagiza mpya za kuiga kutoka nje. Mkewe alilalamika asetoni inaisha saluni.

Halafu umeme, jamani. Vingi vinavyoingia vimetoka Japani, na Japani umeme ni volti 100. Hapa ni 240. Mtu ananunua adapta ya soketi ya elfu tano akidhani imetosha, adapta inabadilisha matundu tu haibadilishi volti, anachomeka, moshi. Angalia nyuma ya chombo imeandikwa ngapi, kama ni 100 au 120 tafuta stepudauni, transfoma ya kushusha volti, yenye wati za ziada, na usinunue ile nyepesi inayokaa kiganjani, transfoma ya kweli ina uzito. Na stabilaiza pia, hasa ukikaa mtaa ambao stima ikirudi inarudi kwa hasira.

Bei sasa. Juno-106 nzima kule nje inapita dola 1,500, sawa, lakini yule anayeuza kule ana fundi mtaa wa pili na mnunuzi wake haagizi kitu kupitia uwanja wa ndege wa Entebbe. Ukiagiza mwenyewe, URA, mamlaka ya mapato, wanahesabu thamani pamoja na nauli na bima, halafu ushuru, halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo, kwa hiyo nauli yenyewe unailipia kodi. Na chombo kilichopo hapa tayari, mnunuzi hapa ni nani? Maproducer wengi wa Kampala na Gulu wanatengeneza kila kitu kwenye laptop na wanatoa muziki mkali, hawahitaji. Wanaonitafuta ni wachache, baadhi wanatokea upande wa tamasha la muziki la Nyege Nyege, baadhi ni wapigaji wa kanisani wenye sikio. Soko dogo, ssebo. Bei ifuate soko lililopo.

Mimi binafsi chombo ninachokipenda ni ambacho wengi wanakidharau, Korg Poly-800 ya 1983. Sauti zake zote zinapita filta moja, ndiyo sababu wajuzi wanaicheka, lakini inatumia volti 9, unaweka betri sita kubwa na unapiga gizani, stima ikienda wewe unaendelea. Tena patchi zake, yaani sauti ulizozipanga mwenyewe, zilikuwa zinahifadhiwa kwenye kaseti, na leo unaunganisha simu na waya, unacheza ile faili inayolia kama faksi, patchi zinaingia. Vijana hawaamini mpaka waone.

Upande wa kuuza nina sheria moja, naandika karatasi: nini kimebadilishwa, nini bado kibovu, betri ya memori imewekwa lini. Slaida ikikwaruza nasema inakwaruza, vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Mnunuzi anakaa anapiga hadi achoke ndipo anatuma mobile money, kutuma kwanza hapana, hata awe rafiki.

Juzi kuna kaka wa Jinja kaniandikia ana Korg Polysix. Hiyo ya 1981 ina betri ndogo ndani iliyolehemewa kwenye bodi, ikizeeka inavuja na kula njia za shaba, kwa nje huoni kitu. Kanitumia picha ya mbele, inang'aa. Nimemwambia kaka, fungua kifuniko unitumie ya ndani, halafu ndipo tuzungumze pesa.